Tatu kwa Kidole Chake Mwenyewe

Wifi yangu anatengeneza rimoti. Si redio, si simu, si pasi, rimoti tu. Ukimpelekea pasi atakutazama kana kwamba umekosea nyumba, halafu atakuelekeza kwa fundi wa pasi, ambaye yuko hatua sita kutoka hapo na anasikia kila kitu. Kaka yangu alipotangaza kwamba anamuoa, mama alituuliza watoto wote kwa zamu kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Huu ni mwaka wa kumi na nne, wanaishi, na watoto wana viatu.

Anafanyia kazi chini ya ngazi ya jengo la ghorofa tatu, na mimi niko hapo hapo na cherehani yangu. Nafasi yenyewe ni finyu kiasi kwamba nikikunjua pazia la mteja, ncha moja inaishia kwenye chupa yake ya spiriti. Tumeshagombana sana kwa ajili hiyo na tutagombana tena. Lakini nikiumwa, yeye ndiye anayewaambia wateja wangu kwamba nguo zao zitakuwa tayari kesho, na anadanganya vizuri kuliko mimi. Mtaani wanamwita Mama Vitufe. Mimi namwita wifi, na siku akinikera namwita mke wa kaka yangu.

Rimoti ikifa vitufe, watu wengi huibadilishia betri, halafu huipiga kwenye goti, halafu kwenye mkono wa kiti, halafu huanza kutafuta ni mtoto gani aliyeishika mwisho. Wifi huanza kwa kuipiga picha. Anawasha kamera ya simu, anaielekezea rimoti, anabonyeza, na kwenye kioo cha simu unaona ile taa ndogo ya mbele ikiwaka rangi ya zambarau, ambayo kwa macho matupu huioni hata ukeshe. Ikiwaka, kitufe kinasema. Isipowaka, kitufe ni bubu. Siri yote ni hiyo, ila wateja hawaijui. Wao wanaamini kila rimoti lazima ipigwe picha kwa ajili ya kumbukumbu. Kuna bibi mmoja aliipaka yake mafuta kabla ya kuileta, ipendeze. Kinyozi wa jirani alirudi baada ya wiki kudai nakala yake.

Kazi yenyewe iko ndani. Chini ya kila kitufe, upande wa ndani wa ule mpira, kuna doa jeusi, na doa hilo ndilo linalogusa kibao cha kijani na kupeleka habari. Doa likichakaa utabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Dawa ya wifi ni karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara: anaikata vipande vidogo, anavigundisha kwenye madoa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano aliyoniibia mimi. Sasa karatasi hiyo haiuzwi peke yake. Kwa hiyo wifi, mwaka wake wa kwanza kwetu, alikuwa akitembea barabarani anaokota pakiti tupu za sigara, anazifungua, anazichungulia, anazitia kwenye mkoba.

Haikupita miezi miwili, habari ikamfikia mama kwamba mkwe wake anavuta, tena anavuta mabaki ya watu. Kikao kikaitwa. Baba mkubwa akasafiri kwa basi siku nzima. Wifi akakalishwa katikati ya sebule, mama akamnusa gauni, shangazi akamnusa vidole na kusema vinanuka spiriti, jambo ambalo liliharibu mambo zaidi. Alipoambiwa ajitetee, wifi aliomba rimoti ya pale nyumbani, ambayo namba nane yake haikuwa imefanya kazi tangu babu akiwa hai. Akaifungua mbele ya ukoo, akaitia karatasi, akampa baba mkubwa abonyeze. Nane ikafunguka, na kwenye nane palikuwa na mechi, kipindi cha kwanza. Kikao kiliendelea mpaka mechi ikaisha bila mtu kumuuliza wifi swali hata moja. Mwisho baba mkubwa alisimama akasema kwamba mkwe ana adabu, akaomba chakula.

Ana sharti moja lililomkosesha wateja wengi: harudishi rimoti mezani. Anaipeleka mwenyewe mpaka nyumbani kwa mtu, anasimama mbele ya televisheni yenyewe, anajaribu kitufe kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho. Anasema rimoti mezani inajifanya ina heshima, ikifika kwao inarudia tabia. Kwa miaka kumi na nne hajawahi kukabidhi kitufe ambacho hakukijaribu. Mimi humsindikiza, tangu siku mteja mmoja alipodai kwamba rimoti yake iliondoka na betri mbili ikarudi na moja. Kwa hiyo mimi ni shahidi. Mkoba pia nabeba mimi, sijui tulikubaliana lini.

Ndivyo nilivyojikuta kwa Bwana Stoo.

Bwana Stoo anakaa jengo la mbele yetu, ghorofa ya pili. Alitunza stoo ya kiwanda cha sabuni kwa miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kukupa kitu, hata kiberiti, bila kukutazama mkono kama anasubiri utie sahihi. Mkewe tunamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu nusu ya watu wa mtaa huu na nusu nyingine wanamuogopa bila kufundishwa. Kila mtu alijua kwamba wawili hao hawasemezani. Tulizoea, kama unavyozoea ngazi yenye kipandio kibovu: unakiruka tu.

Alikuja Jumatano asubuhi, akaweka mezani rimoti iliyofungwa kwa leso, akaiwekea kiganja juu.

"Nataka namba tatu," alisema.

"Shikamoo, mzee," wifi akasema.

"Marahaba. Nataka namba tatu. Vingine hata vikifa havina neno."

Wifi akaipiga picha. Sauti ya kuongeza ilikuwa inafanya kazi, ya kupunguza pia, na kile cha kuzima sauti kabisa, na tano, na saba, na tisa, na cha kuwashia. Vilivyobaki vyote vilikuwa bubu. Akashika bisibisi, akaifungua, akainama. Kisha akaigeuzia kwenye mwanga, akaisogeza karibu na jicho.

"Mzee," alisema mwishowe, "hivi vingine vimekufa kwa uchafu tu. Nikivisafisha vitaamka. Lakini hii tatu haikufa. Hii imeuawa."

Niliacha cherehani nikaenda kuchungulia. Doa la tatu halikuwepo tena, mpira wenyewe ulikuwa umetoboka, na kwenye kibao mstari wa chini yake ulikuwa umelika mpaka ukawa mweupe. Wifi anasoma rimoti namna mimi ninavyosoma suruali: nikiona ilipochakaa najua mwenyewe anakaa vipi. Mtu alikuwa ameibonyeza tatu ile kila siku ya Mungu, kwa nguvu, kwa miaka.

Mimi na wifi tukatazamana. Chaneli ya tatu ilifungwa miaka miwili iliyopita. Wafanyakazi walifukuzwa, mlingoti ukauzwa chuma chakavu, mtaa mzima ulijua. Nilifungua mdomo. Wifi akanikanyaga mguu.

"Ni wewe unayeibonyeza, mzee?" aliuliza.

Bwana Stoo alitazama kushoto, akatazama kulia, akavuta kigoda changu akakikalia bila kuniomba. Na hapo akasema yote, taratibu, kwa mpangilio, kama anasoma daftari la mali.

Miaka sita nyuma, Mwalimu alikuwa akifuata mchezo mmoja wa kuigiza kwenye chaneli ya tatu. Aliufuata miaka miwili bila kukosa hata siku moja. Ilibaki sehemu ya mwisho, ambayo ingesema yule mtoto ni wa nani. Dakika kumi kabla ya kwisha, Bwana Stoo aliingia, akachukua rimoti, akaweka tano ili aone matokeo ya mpira. Alisema ni dakika moja tu. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, ikaingia penalti. Aliporudisha tatu, yalikuwa yakipita majina ya wapishi na madereva wa waigizaji. Mwalimu hakupiga kelele. Alisema, "Siku utakayoniwekea tatu kwa kidole chako mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ndiyo siku nitakayokusemesha." Akaenda kulala.

"Na wewe hukuweka," wifi akasema.

"Mwanzoni nilikasirika. Mtu mzima napewa adhabu kama mwanafunzi. Na mimi nikanyamaza. Miaka miwili nilikaza shingo." Alijikuna goti. "Halafu hasira ikaisha, nikaanza kubonyeza. Kila siku, saa ya taarifa ya habari. Tivii haibadiliki. Miaka minne sasa."

"Si ungemwambia kitufe kibovu?"

"Ningemwambiaje, mwanangu, na hatuzungumzi?"

Wifi akafikiri. Akaweka bisibisi mezani.

"Si ungeinuka ukabonyeza kwenye tivii yenyewe?"

Akaeleza habari ya kabati. Alimwita seremala amchongee kabati lenye tundu la televisheni, na seremala yule, kwa bahati mbaya, alikuwa hodari. Alipima sawasawa. Televisheni iliingia kwa kusukumwa na watu watatu, ubao ukafunika vitufe vyote vya mbele, na haikutoka tena.

"Sasa kwa nini leo?" nikauliza mimi. "Miaka sita imepita, leo kuna nini?"

Bwana Stoo akaangalia mikono yake. "Anaondoka Jumamosi. Nimemsikia kwenye simu na binti yetu. Anasema anakwenda kutembea. Lakini ametia mto wake kwenye sanduku. Mtu anayekwenda kutembea habebi mto." Akaikunja ile leso. "Akienda na mto, harudi. Nataka kabla ya Jumamosi iwepo tatu."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nasema kweli. Nikajikuta natafuta sindano ambayo sikuipoteza.

Kazi ile ilimchukua wifi siku mbili. Alisafisha kibao kwa spiriti na pamba, akaziba mpira kwa kiraka, akatia karatasi ya fedha safu mbili. Ule mstari uliolika aliuunga kwa uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa chaja, mwembamba hata ukihema unapeperuka, kwa hiyo saa nzima alinikataza kuongea, adhabu ambayo nadhani aliifurahia. Mezani, kwenye kamera, tatu iliwaka zambarau safi. Nilimuuliza kwa nini hamwambii mzee wa watu kwamba chaneli haipo.

"Mimi natengeneza kitufe, wifi," alisema. "Chaneli si kazi yangu."

Nilimwambia ana roho ngumu. Akaniambia nipunguze pazia langu, linagusa gundi.

Kulikuwa na ugomvi wa mwisho wa masharti. Bwana Stoo hakutaka tufike kwake, wifi hakutaka kukabidhi bila kujaribu. Wakakubaliana: tutamwambia Mwalimu tumetengeneza sauti, na wifi atajaribu vitufe vyote isipokuwa tatu. Ile ingebonyezwa na kidole kimoja tu duniani. Wifi alikubali, lakini usiku ule, kaka yangu aliniambia baadaye, hakula vizuri.

Ijumaa alasiri tukapanda. Sebule ilikuwa safi ya kutisha. Viti viwili vimetazama televisheni, stuli katikati yake, na juu ya stuli mahali pa rimoti palikuwa peusi kidogo kwa mazoea. Televisheni yenyewe ni ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, imebanwa kwenye kabati kama alivyosema. Mwalimu alitupokea vizuri, akatukaribisha, akaniuliza kama binti yangu ameshajua kugawanya. Nikasema anajitahidi. Akasema kujitahidi si jibu. Kisha, bila kumgeukia mumewe aliyesimama mkono mmoja kutoka kwake, akaniambia, "Mwambie huyo aondoe viatu kwenye mkeka." Nikamwambia. Akaondoa.

Mwalimu akaingia jikoni. Wifi akasimama mbele ya televisheni, akaanza kazi yake. Akabonyeza sauti: kumi na tano, kumi na saba, ishirini. Ilikuwa safi kabisa. Aligeuka kunionyesha, na nyuma yangu Mwalimu akatokea na trei yenye kikombe cha chai kutoka kwenye chupa, akakiweka mbele ya mumewe bila neno, akarudi jikoni. Bwana Stoo alikitazama kile kikombe, akatutazama, akakinywa.

Wifi hakutilia maanani. Akabonyeza kuzima sauti. Bwana Stoo akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda kufungua mlango wa mbele. Hapakuwa na mtu. Akachungulia kwenye ngazi, juu na chini, akafunga, akarudi. "Hakuna mgeni," alimnong'oneza wifi kwa lawama.

"Mgeni gani, mzee?"

"Umebonyeza mgeni."

Wifi akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Akabonyeza tano. Mwalimu akatoka jikoni akijifuta mikono, akachukua mwavuli nyuma ya mlango, akamkabidhi mumewe, akasimama akisubiri aondoke. Bwana Stoo akabaki ameushika. Wifi kwa haraka akabonyeza saba ili kurekebisha, na hapo mzee akauweka mwavuli, akaenda jikoni, tukamsikia anautikisa mtungi wa gesi. Akarudi akasema kwa sauti ya chini kwamba gesi bado ipo. Wifi, ambaye sasa jasho lilikuwa linamtoka, akakimbilia tisa. Mume na mke wakainuka kwa pamoja, huyu dirisha la kushoto, yule dirisha la kulia, wakayafunga yote mawili. Nje jua lilikuwa kali.

Ndipo nilipoelewa. Watu hawa hawakuwa wamenyamaza hata kidogo. Miaka sita walikuwa wanapiga soga kwa rimoti. Chai ilikuwa ishirini, mgeni alikuwa kimya, natoka ilikuwa tano, gesi ilikuwa saba, mvua ilikuwa tisa. Na wifi yangu, kwa kujaribu vitufe, alikuwa amesimama katikati ya sebule ya watu anaropoka.

"Wifi, acha kusema," nilimnong'oneza.

"Sijasema kitu."

"Umesema mengi. Weka chini."

Lakini yeye ni fundi, na vitufe vilikuwa vimebaki. Akashusha sauti mpaka kumi. Akajaribu moja, mbili, nne, sita, nane, ambavyo vilikuwa vimekufa muda mrefu na havikuwa na maana yoyote kwa mtu. Televisheni ilibadilika ikabadilika, na kila ilipobadilika wale wawili waliitazama kwa wasiwasi, kama watu waliosikia lugha ya kigeni ndani ya nyumba yao. Aliishia nane, ambako mwanamume mmoja alikuwa akiuza magodoro. Akaweka rimoti juu ya stuli. Hakugusa tatu. Nilimwona kidole kinavyomwasha.

Mwalimu akachukua kikombe kitupu. Akatuletea na sisi vikombe, akatumiminia chai iliyosalia mpaka chupa ikakauka, kisha tukamsikia jikoni anaosha. Alipotoka, alikuwa amebeba sufuria ya chai, imefutwa inang'aa, ameizungushia taulo. Akapita nayo katikati yetu, akaingia chumbani. Mlango ulibaki wazi, na sote watatu tulimwona anavyoilaza ndani ya sanduku, pembeni ya mto, akiisukuma mpaka ikae vizuri.

Uso wa Bwana Stoo sikuweza kuutazama. Nilitazama magodoro.

Wifi akamwashiria kwa kidevu: sasa. Mzee akakaa kwenye kiti chake. Akachukua rimoti. Akachukua na gazeti, akalikunjua, akalilaza mapajani juu ya mkono wake, akakaza macho kwenye televisheni kama mtu asiye na habari. Gazeti likatikisika kidogo. Mwanamume wa magodoro akaendelea kuuza magodoro. Gazeti likatikisika tena, kwa nguvu. Hakikubadilika kitu. Akageuza macho kwa wifi, na yalikuwa macho ya mtunza stoo aliyetia sahihi sanduku tupu.

Wifi alipauka. Aliitoa simu yake, akawasha kamera, akachuchumaa mbele ya miguu ya mzee. "Bonyeza," alisema. Kioo cheusi. "Bonyeza tena." Cheusi. Akanyoosha kidole kimoja, akainua ncha ya gazeti. Zambarau ikawaka. Akashusha gazeti. Giza. Akainua. Zambarau.

Akazima kamera, akabaki amechuchumaa.

"Mzee," alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "miaka minne yote ulikuwa unabonyezea chini ya gazeti?"

"Siku zote."

"Hili hili?"

"Magazeti tofauti," alijibu Bwana Stoo.

"Rimoti haioni kupitia gazeti, mzee. Lazima itazamane na tivii."

Akalifikiria hilo. Tulimwona linavyoshuka ndani yake polepole. "Kwa hiyo kitufe kilikuwa kizima," alisema.

"Siku ya kwanza kilikuwa kizima kabisa. Umekimaliza wewe."

Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia. Chai aliiomba mkono ukiwa wazi, gesi waliulizana wazi, hata mvua waliambiana wazi. Radhi tu ndiyo aliyokuwa akiiomba amejifunika. Nilitaka kumwambia maneno makali, lakini kule chumbani zipu ya sanduku ilikuwa inafungwa, mlio mrefu, inakwama kwenye kona, inaendelea.

"Ondoa gazeti, mzee," wifi akasema.

"Ataniona."

"Ndiyo, atakuona."

Bwana Stoo akalikunja gazeti mara mbili, mara nne, akanipa mimi, akanitazama mkono. Nililipokea. Mwalimu akatokea mlangoni akiliburuta sanduku, aliweke tayari kwa kesho, na alichokikuta ni mumewe ameketi wima, mkono wote umenyooshwa mbele kama mtu anayekula kiapo, rimoti imeelekea televisheni, kidole gumba kiko juu ya tatu. Mzee hakumtazama. Akabonyeza.

Ilikubali mara moja. Magodoro yakatoweka na chenga zikaijaza televisheni kutoka pembe hadi pembe, nyeupe na nyeusi, zikikimbizana na kuchemka kwa ule mlio wao. Wifi akafumba macho. Alikuwa ametengeneza kitufe kizuri kuliko vyote maishani mwake, na kilikuwa kimefungua hewa tupu. Bwana Stoo aliendelea kunyoosha mkono. Nadhani ndipo alipojua kwamba tatu haipo, ila hakuwa na kitufe kingine cha kubonyeza.

Mwalimu akauachia mpini wa sanduku. Akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani kwake. Akaja, akaketi kwenye kiti chake, akaweka mikono mapajani, akazitazama zile chenga kwa makini, namna alivyokuwa akitazama daftari la mtoto ambaye jibu ni baya lakini njia ameifuata. Na sisi tukatazama, maana hapakuwa na pengine pa kutazama.

"Ongeza sauti," alisema.

Hakusema mwambieni. Hakusema huyo. Bwana Stoo aligeuka nyuma kuona anayeambiwa ni nani, akakuta ukuta. Akarudi mbele, akaongeza: kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Na ishirini kwa nyumba ile ni chai. Nilimwona Mwalimu magoti yakianza kuinuka yenyewe kwa mazoea, halafu akayarudisha chini.

"Leo utapika wewe," alimwambia, macho kwenye chenga. "Na mimi unitilie."

Mzee akaweka rimoti kwenye stuli, akaenda jikoni. Tulisikia makabati yanafunguliwa na kufungwa, moja, la pili, la juu, la chini. Kisha akaja akasimama mlangoni pa jikoni. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Miaka sita ni mingi, hata sauti husahau njia.

"Sufuria iko wapi?" aliuliza.

Mwalimu hakugeuka.

"Imo kwenye sanduku," alisema. "Itoe."